Jani Moja kwa Kila Mti

Noelene Trewin alisema aliona kwa macho yake mawili, tena akiwa amevaa miwani. Alikuwa amesimama dirishani kwake na kikombe cha chai, mara akawaona watoto wa chekechea wanakuja na vikapu vyao kwenye Njia ya Heshima, wakafika kwenye mwaloni wa Wilf, wakauvamia kama nzige. Mmoja akakwea. Wengine wakaning'inia matawini. Yule binti anayewafundisha akasimama pembeni anachekelea, meno yote nje. Na walipoondoka, alisema Noelene, mti ulikuwa umenyonyolewa kama kuku wa Krismasi.

Hayo alimwambia Con, mwoka mikate, Jumanne asubuhi na mapema. Maneno hayana miguu lakini yanatembea. Kufika saa nne yalikuwa posta. Kufika saa sita yalikuwa kwa kinyozi, na kwa kinyozi watoto walikuwa na msumeno.

Merrin, mwalimu wa watoto hao, aliyapata kwa Con mwenyewe, alipopitia kuchukua mikate ya watoto.

"Karibu, mkata miti," Con alisema.

"Nani, mimi?"

"Wewe na jeshi lako la wafupi. Nasikia Wilf mmemwacha uchi."

"Con, toka nje uutazame huo mti. Una majani kuliko wewe ulivyo na nywele."

Con alijipapasa kipara, akacheka mpaka unga ukamruka kifuani. "Mimi sina neno, binti. Ila jiandae. Kasema kesho anakuja shuleni kwenu."

"Akija atakunywa chai," alisema Merrin, akabeba mikate yake akatoka. Lakini njiani mzaha uliisha. Noelene ndiye mwenyekiti wa kamati ya Njia ya Heshima, na hakuna shada linalowekwa mnarani Siku ya Anzac, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, mpaka yeye aliangalie, aliguse, aseme haya. Shada la chekechea huwa dogo, linakaa mwisho wa mstari, chini ya yale makubwa ya wanajeshi wastaafu na ya zimamoto. Hata hivyo watoto hulisubiri kuliko Pasaka. Na mwaka huu lilikuwa mikononi mwa Merrin peke yake, maana Gwenda, mwalimu mkuu, alikuwa amejikwaa kwenye lori la kuchezea karibu na shimo la mchanga, sasa yuko nyumbani na mguu wa plasta, anapiga simu kila baada ya chakula kuuliza kama jengo bado limesimama.

Wazo la shada lilikuwa la Merrin mwenyewe. Alikuwa amewaambia watoto: Njia ya Heshima ina miti, na kila mti ni wa kijana mmoja wa hapa kwetu aliyekwenda vitani zamani za babu wa babu, asirudi. Basi mwaka huu hatutanunua maua. Tutakwenda mti kwa mti, tuokote jani moja kwa kila mti, tuyachovye kwenye nta yasioze, tuyashone pamoja. Kila kijana atoe lake. Asibaki mtu nyumbani.

"Asibaki mtu nyumbani!" watoto walipiga kelele, maana wakiipenda kauli huila kama biskuti.

Na Jumatatu walikwenda. Ilikuwa siku nzuri ya baridi, ukungu umejilaza bondeni, milima imejifunika. Miti mingine ilikuwa imepukutika, nyasi zote chini nyekundu na manjano, watoto wanapiga mateke mirundo. Sheria ya mji huu hata mtoto anayetambaa anaijua: mti wa Njia ya Heshima huvunji tawi, huchumi jani. Unachukua kilichoanguka. Na kila familia inafagia chini ya mti wake yenyewe. Ukimfagilia mwenzio umemwambia kwamba amesahau wafu wake.

Waliokota vizuri, wakigombana kidogo tu. Mpaka wakafika kwenye mwaloni wa Wilf.

Mwaloni ni mti mchoyo. Wenzake wakishavua, wenyewe bado umekumbatia majani yake makavu, unaweza kufika nayo katikati ya baridi. Na huu wa Wilf ulikuwa mchoyo wa wachoyo. Machache yanayodondoka Noelene huyafagia kila asubuhi kabla hata ya kuchana nywele. Chini ya mti palikuwa safi kama sakafu ya kanisa. Merrin alitafuta nyasini, akatafuta mtaroni, akainama hata nyuma ya kile kibao cha shaba chenye jina. Hakuna.

Hapo ndipo alipotakiwa kusema, haya watoto, tutarudi kesho. Lakini Maeve, msichana mdogo wa miaka minne mwenye sauti ya tarumbeta, alimvuta sketi.

"Huyu haji?"

"Hajadondosha bado, mpenzi."

"Kwa hiyo atabaki nyumbani?"

Ile sauti ilikuwa imeshuka, na kwa Maeve sauti kushuka ni jambo la hatari. Merrin alitazama kushoto, akatazama kulia, akambeba mtoto juu. "Moja tu. Kwa upole." Jani likatoa kamlio kadogo, tak, likaja. Kingo zake zilikuwa za kahawia lakini katikati bado kijani.

Ndiyo hiyo. Hapakuwa na mkwezi, hapakuwa na msumeno. Lakini Merrin alijua, alipokuwa akirudi na mikate ile, kwamba Noelene ameongeza kila kitu isipokuwa kosa lenyewe. Kosa lilikuwepo.

*

Jumatano chumba kilinuka nta na gundi. Meza ya kwanza watoto walikuwa wanaweka majani chini ya karatasi na kusugua juu yake kalamu za nta kwa ubavu, mishipa ya jani inajitokeza kidogokidogo, na kila mara mmoja alipiga kelele kama aliyemwona mzimu. Meza ya pili walikuwa wanafinyanga vinungunungu vya udongo na kuvichomeka sindano za msonobari mgongoni. Raff, ambaye hakuwa na subira na wanyama, alikuwa ametengeneza kinungunungu chenye sindano pande zote, hata usoni.

"Atakulaje huyo?" Merrin alimuuliza.

"Hali. Ana hasira."

Majani ya shada alikuwa ameyachovya mwenyewe kwenye nta, kwa sababu nta ya moto si mchezo wa watoto, na sasa yalikuwa yametandazwa kwenye magazeti, yanang'aa kama yamelambwa. Kazi ya watoto ilikuwa kuyachagulia nafasi kwenye duara la vijiti vya mzabibu, na Merrin anashona.

Noelene aliingia bila kugonga. Mzee wa miaka themanini na ushee, mnyoofu kama mpini wa reki, koti limefungwa vifungo vyote. Aliwatazama watoto, watoto wakamtazama.

"Habari za asubuhi, Bi Trewin," Merrin alisema.

"Siyo njema, wewe mtoto wa Dulcie. Mama yako amekulea kwenye mji huu huu. Hujafika jana na basi."

"Ndiyo, Bi Trewin."

"Basi niambie nimeota. Niambie macho yangu yamezeeka."

Merrin aliweka sindano chini. "Hukuota. Lakini hakukwea mtu. Hakutikisa mtu. Tulichuma jani moja. Mimi ndiye niliyembeba mtoto."

Noelene alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Ukweli ulimkuta hana pa kuuweka. Alitafuta pa kukaa, na viti vyote vilikuwa vya watoto. Akakaa kwenye kimoja, magoti yakamfika kifuani.

"Moja," alisema.

"Moja."

"Lipi?"

Maeve alikuwa amelishika tayari. Alimletea juu ya viganja viwili kama yai. "Hili. Hakudondosha, ndiyo tukamsaidia. Tusingemwacha peke yake, ni vibaya."

Noelene hakulipokea. Alilitazama tu, ile kijani katikati.

"Unamjua huyu Wilf?" alimuuliza mtoto.

"Ni mti."

"Alikuwa kaka wa bibi yangu. Alidanganya umri ili aende vitani. Ndevu hana, sauti bado inamkatika. Mama yake alipoletewa habari kutoka Ufaransa hakulia, alichukua jembe akaenda kuchimba shimo la mti. Akaupanda, akasema: huyu amechumwa mbichi. Katika mti huu hakitachumwa kitu tena. Utakachotoa utakitoa wenyewe, siku utakayotaka." Alinyanyua macho kwa Merrin. "Bibi yangu alinipa hiyo sheria, nami naishika. Sikutunga mimi kuwatesa watoto wa watu."

Merrin alikuwa amezaliwa mtaa wa pili, amepita chini ya mti ule maisha yake yote, na hilo hakuwahi kulisikia. "Samahani, Bi Trewin. Kweli kabisa. Samahani."

"Samahani nimeipokea. Lakini jani hilo likiwa ndani, shada halipiti."

"Na likitoka?"

"Likitoka linapita, hata kesho jioni niletee."

Merrin angeshukuru kama yangeishia hapo. Alimchukulia Maeve lile jani, akalifunga kwenye leso, akampa Noelene. Lakini kwenye duara la vijiti, kati ya jani jekundu na jani la manjano, palibaki pengo, na watoto wa miaka minne pengo hawaliachi.

"Hapa ni pa nani?" Raff aliuliza.

"Pa Wilf," alisema Maeve. "Anabaki nyumbani."

"Ulisema asibaki mtu nyumbani," Raff alimwambia Merrin. Wengine wakaitika, kwanza mmoja, halafu chumba kizima, wanagonga meza kwa vinungunungu: "A-si-ba-ki-mtu! A-si-ba-ki-mtu!"

"Mnawafundisha nini humu, siasa?" Noelene aliuliza.

"Tuweke jingine lililoanguka," Merrin alisema kwa sauti ya juu. "Bi Trewin, yale unayofagia asubuhi, unayaweka wapi?"

"Nayachoma. Kwenye pipa. Hayalali."

"Yote?" Maeve aliuliza.

"Yote."

"Hata la jana?"

Ilionekana wazi kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yake Noelene alikuwa analifikiria lile pipa kwa majuto. "Hata la jana," alisema. "Leo halikuanguka hata moja. Upepo umekufa."

"Atadondosha lini?"

"Hilo halina lini, mtoto. Akitaka."

Maeve alifikiri. "Basi tukamngojee."

*

Alhamisi walimngojea.

Merrin alipeleka kila kitu chini ya mti: mikeka, blanketi, chupa za chai ya maziwa, biskuti za shayiri, mkasi na uzi, na shada lenyewe ndani ya boksi la kiatu, pengo lake linaangalia juu. Noelene alitoka nyumbani kwake na kiti cha kukunja, akakiweka mbali kidogo.

"Mimi sijaja kungoja," alisema. "Nimekuja kuangalia msije mkanisaidia tena."

"Hakuna mkono utakaonyanyuka, Bi Trewin."

"Nitaona."

Reki yake ya kufagilia majani hakuja nayo. Merrin aliliona hilo.

Mwanzoni watoto walikaa kimya kabisa, shingo nyuma, midomo wazi, kama vifaranga vya ndege. Hali hiyo haikufika hata maziwa kupoa. Raff alianza kupuliza kwenda juu. Wote wakapuliza. Noelene akasema kupuliza ni sawa na kuchuma kwa mdomo, wakaacha. Wakauimbia mti wimbo wa kuoga. Wakauahidi biskuti. Maeve alishauri wote wafumbe macho, labda Wilf anaona haya kuvua mbele ya watu, na hapo Noelene alikohoa kikohozi ambacho kwa mtu mwingine kingekuwa kicheko.

"Bibi yangu alisema alikuwa na haya kweli," alisema. "Alikuwa anaoga na shati."

"Kwa nini?"

"Alikuwa na alama mgongoni. Kama ramani."

"Ramani ya wapi?"

"Hilo sikuuliza," alisema Noelene, akatazama mikono yake. "Nilikuwa mtoto, ningeweza kuuliza."

Kabla ya saa sita kasuku mweupe, mmoja wa wale wenye kishungi cha manjano kichwani, alitua kwenye tawi la juu na kuanza kutafuna vijiti kwa uharibifu tu, kama ilivyo desturi yao. Krak. Kijitawi kizima chenye majani kikaanguka, kikatua katikati ya mkeka.

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika mpaka kwa Con. "Limeanguka! Limeanguka!"

"Hilo si lake!" Noelene alikuwa amesimama tayari. "Limeng'olewa hilo!"

"Kasuku siyo mtu!" Maeve alipiga kelele.

"Ni mwizi! Mwizi ni mwizi!"

"Sheria inasema watu!"

"Sheria inasema kitakachochumwa, haikusema na nani! Merrin, mwambie mtoto huyu."

Merrin alikiokota kile kijitawi. Majani yake yalikuwa ya kahawia, mazuri, makavu, yangeingia kwenye pengo kama yamepimwa. Angeweza kubishana. Kasuku wa watu wote, hana familia, hana kamati. Alilitazama shada, halafu akamtazama yule mzee na koti lake la vifungo vyote, akakirusha kijitawi ng'ambo ya mtaro.

"Bi Trewin yuko sawa," alisema. "Hakutaka mwenyewe."

Maeve alilia kidogo, kwa hasira, halafu akala biskuti mbili.

Noelene hakushukuru. Ila alikivuta kiti chake kutoka kule mbali, akakileta ukingoni mwa mkeka, na Raff alipomwekea kinungunungu chake chenye hasira mapajani, hakukiondoa.

"Anauma?" aliuliza.

"Wewe hakuumi," alisema Raff.

Mchana ulikwenda. Baadhi ya watoto walilala, wakaamka. Gwenda alipiga simu, akaambiwa kwamba darasa zima liko chini ya mti linangoja, akauliza linangoja nini, akaambiwa, akasema angekuwa na miguu miwili angekuja. Con alikuja na aproni yake, amebeba mkate wa zabibu, eti anapita tu, akakaa kwenye nyasi. Hakusema habari ya msumeno, wala Noelene hakumwangalia usoni.

Saa tisa magari ya wazazi yalianza kufika. Mama yake Raff alimwita kutoka dirishani, "Twende, mwanangu!" Raff akamwonyesha kidole mdomoni, shii. Mama akashuka garini aje amchukue kwa mkono, akauliza kuna nini, mtu akamnong'oneza, akabaki amesimama na funguo mkononi. Wa pili akaja hivyo hivyo. Hawakutoka wote, baba mmoja alikuwa na ng'ombe wa kukamua akamchukua binti yake analia. Lakini wengi walibaki, makoti yamefungwa, pumzi zinatoka nyeupe, maana jua lilikuwa limeshagusa mlima na baridi ilikuwa inapanda kutoka mtoni.

Mti haukufanya lolote. Majani yote yalikuwa palepale, makavu, yametulia, kama hayajasikia kwamba kuna mtu.

"Bi Trewin," Merrin alisema taratibu, "jioni ndiyo hii. Nikuletee lilivyo?"

Noelene alikuwa anatazama pengo ndani ya boksi la kiatu. Kisha akamwekea Raff kinungunungu chake mikononi, akashika mgongo wa kiti, akanyanyuka. Alitembea mpaka kwenye shina. Miaka yote aliyofagia pale watu walimwona akiinamia nyasi, akifuta kibao, akimfokea mbwa wa mtu. Hakuna aliyewahi kumwona akiugusa mti wenyewe. Sasa aliweka kiganja kwenye gamba, juu kidogo, kama mtu anayemshika kijana begani.

"Wilf," alisema. "Wilf, ni mimi, mjukuu wa Edie. Sijawahi kukuomba kitu, mwanangu. Wenzako wote wameshatoka. Hawa watoto wamekaa kwenye baridi tangu asubuhi, na hawaondoki bila wewe. Toa moja. Tafadhali."

Watoto wote waliinua nyuso. Juu kabisa, tak, jani moja likaachia tawi lenyewe.